Mama Mayai wa Nguzo ya Arobaini na Saba

Ko, ko. Kimya kidogo. Kisha, ko.

Ni saa tisa na nusu alfajiri na majirani wote bado wamelala. Mwanamke wa miaka hamsini na saba ameketi kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, akigonga soli za buti zake kwenye ngazi ya saruji. Anainua buti moja karibu na taa, anapitisha kidole gumba kwenye mifereji ya soli, anabandua kokoto ndogo kama punje ya mchele na kuitupa uani.

"Sitaki jiwe, sitaki msumari," anasema kwa sauti ya chini, asije akawaamsha wajukuu. "Ninakokwenda, hakuna cheche ndogo."

Nyuma yake mumewe, mlinzi mstaafu wa shule, anakoroga chai. Ameamka kabla yake, kama afanyavyo kila siku, na mkewe hajawahi kumwomba. Chai ni ya rangi tu, haina kiungo chochote, kwa sababu anayeinywa anataka pua yake iwe tupu. Mama huyu hajipaki mafuta yenye harufu, na kitunguu hakigusi mpaka arudi. Mumewe ana mzaha wake wa miaka mingi: husema wenzake walioa macho, wengine walioa mwendo, yeye alioa pua.

Wengi wanamwita Mama Mayai. Jina hilo alipewa kwa kuchekwa, na atalieleza mwenyewe bila haya. Lakini kwanza kazi, maana kazi haimsubiri.

Kazi yake ni kutembea. Kwa miaka kumi na minne, siku sita kwa wiki, amelifuata kwa miguu bomba la gesi lililozikwa ardhini, kutoka kituo cha koki kuu mpaka kiwanda cha vigae upande wa pili wa mji. Ni kilomita sita na nusu kwenda, na sita na nusu kurudi. Juu ya bomba hilo zimesimamishwa nguzo fupi za njano, mia moja na thelathini na moja, kila moja ikiwa na nambari yake pamoja na nambari ya simu ya dharura. Nguzo ndizo zinazowaambia watu kwamba hapa chini pana gesi, usichimbe.

Kwa mwaka anamaliza jozi mbili za buti. Kampuni humpa moja, nyingine hujinunulia. Magoti yalianza kumlalamikia mwaka wa tisa, akayafunga vitambaa, wakaendelea pamoja.

Anatoka mapema kwa sababu magari hayajaanza kupita na majiko hayajawashwa. Hewa imetulia na sikio linasikia. Mchana, anasema, bomba linaweza kupiga kelele na usilisikie, kwa kuwa mji nao unapiga zake.

Tochi anaiwasha mlangoni kwake, na swichi yake haiguswi tena mpaka jua litoke. Simu imo mfukoni, imezimwa. Filimbi shingoni, kipimo cha gesi kiunoni, daftari kwenye mfuko wa kizibao kinachong'aa. Mumewe anamkabidhi fimbo na kumwambia arudi na miguu yote miwili. Anamjibu kwamba atarudi nayo, ila hamwahidi kwamba itakuwa na hamu ya kusimama jikoni.

Anatembea kama mtu anayetafuta hereni iliyodondoka. Macho chini, kichwa kimeinama upande mmoja, sikio moja likielekea ardhini. Kila baada ya nguzo anasimama, anashusha pumzi, anasikiliza.

"Watu wanadhani kazi yangu ni kunusa," anasema. "Pua ndiyo mfanyakazi mvivu kuliko wote. Inafanya kazi dakika chache, halafu inazoea, inalala. Ukishinda na harufu tangu jana, leo pua inakwambia hakuna kitu."

Gesi yenyewe haina harufu, anaeleza. Huko kituoni hutiwa dawa inayonuka kama mayai viza ili mtu aijue inapovuja. Lakini anayeishi karibu na mtaro wa maji machafu, au anayeivuta kidogo kidogo, anaweza asiitambue. Ndiyo maana Mama Mayai anatazama zaidi ya anavyonusa. Anatazama nyasi zilizokauka mahali pamoja ilhali za jirani ni kijani. Anatazama dimbwi linalotoa mapovu kama sufuria inayoanza kuchemka, na mvua ilishakatika. Anatazama vumbi linaloruka lenyewe pasipo upepo. Na anasikiliza mlio mwembamba, ssss, kama wa nyoka aliyeudhiwa.

Kisha ana mbinu yake, ambayo hakufundishwa na mtu. Anaiita pua ya mgeni. Akifika mahali anapopatilia shaka, humtafuta mtu aliyetoka mbali wakati huohuo, humsimamisha upande salama na kumuuliza ananusa nini. Hamwambii atafute nini. "Nikimwambia, atakinusa hata kama hakipo. Watu wana adabu, hawapendi kukukatalia."

Mbinu hiyo aliipata kwa kuaibika.

Miaka minne iliyopita, akipita kwenye kichochoro chenye nyumba ishirini na sita, karibu na nguzo ya arobaini na saba, harufu ya mayai viza ilimpiga usoni. Akapuliza filimbi. Watu wakatoka na watoto na vyungu, wakasimama barabarani saa tatu nzima huku mafundi wakipima kila kona. Mwishowe fundi mmoja akatoka kwenye stoo ya makaratasi akiwa amebeba kikapu. Kuku wa mtu alikuwa ametagia humo na kuyasusa mayai yake. Kumi na moja, yote viza.

Kichochoro kilicheka wiki nzima. Aliyecheka kwa uchungu ni mwokaji mikate, mama mwenye mikono minene na sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Unga wake wa mikate mia tatu ulikuwa umechacha kwenye beseni wakati amesimama barabarani. Ndiye aliyemwita Mama Mayai kwa mara ya kwanza, na jina likashika.

Ofisini, msimamizi wake alimwandikia barua. Kosa jingine kama hilo, ilisema, ataondolewa kwenye bomba na kupewa kazi ya kufagia uwanja wa kituo. Barua hiyo aliiweka ndani ya daftari lake, ukurasa wa nyuma, na kila alipofungua kuandika aliiona.

"Kufagia si aibu," anasema. "Nimefagia sana. Lakini nilijua nikiondoka pale, atakayekuja ataanza kulijua bomba upya. Na watu wa kichochoro walikuwa wameshaacha kuniamini. Hicho ndicho kilichoniuma. Mtu anayecheka filimbi yako, siku ya kweli hatatoka ndani."

Siku ya kweli ilifika mwaka jana, katikati ya mvua.

Jana yake, akirudi mchana, alikuwa ameona kipande cha nyasi kavu, upana wa mkeka, hatua chache kutoka nguzo ya arobaini na saba. Aliandika kwenye daftari: nyasi kavu, 47. Halafu akajiambia huenda ni maji ya sabuni ya mtu aliyefua. Kipimo chake cha gesi wiki hiyo kilikuwa kwa mafundi kikirekebishwa. Akafunga daftari, akaenda zake nyumbani. Usingizi, anakumbuka, ulikuwa wa mang'amung'amu.

Alfajiri ilipofika alikwenda moja kwa moja pale penye nyasi. Saa kumi na dakika arobaini. Mvua ilikuwa imekatika tangu usiku, lakini dimbwi lililokuwa pembeni ya nyasi zile lilikuwa likitoa mapovu. Akainamisha sikio. Ssss. Akavuta hewa kwa pua. Hakunusa kitu.

Hapo, anasema, ndipo aliposimama muda ambao mpaka leo anausikitikia. Macho na masikio yalikuwa yakisema jambo moja, pua jingine, na barua ya msimamizi ilikuwa kifuani mwake ndani ya daftari. Mbele yake, chini ya mlango wa mwokaji, mwanga ulikuwa unaonekana. Mwokaji huwasha tanuri saa kumi na moja kamili.

Alirudi nyuma mpaka upande unakotoka upepo. Muda huohuo muuguzi mmoja alikuwa akiingia kichochoroni, ametoka zamu hospitalini, amebeba viatu vyake mkononi kwa uchovu. Mama Mayai alimsimamisha na kumuuliza, bila kumweleza chochote, kama pale pana harufu yoyote.

Muuguzi alikunja uso. "Mayai viza," alisema. "Mna nini huku? Na nyinyi mnalala humu?"

Dakika nne zilikuwa zimepita. Mama Mayai anazijua kwa sababu alizihesabu baadaye, mara nyingi.

Alimwomba muuguzi arudi alikotoka, mpaka kwenye duka la kona, na asiiguse simu kabla ya kufika huko. Akifika ndipo aiwashe na kupiga nambari iliyoandikwa kwenye nguzo za njano. Aseme nguzo arobaini na saba, inavuja, kuna watu. Muuguzi, ambaye miguu yake ilikuwa imesimama saa kumi na mbili mfululizo, alivaa viatu na kukimbia.

Mama Mayai naye akapuliza filimbi. Akapuliza mara tatu ndefu, huku akienda kwenye mlango wa mwokaji. Kando yake palikuwa na kengele ya umeme. Hakuibonyeza. Aligonga mbao kwa kiganja.

Mwokaji alifungua akiwa na kiberiti mkononi. Nyuma yake donge la unga lilikuwa limeumuka vizuri, limefunikwa kitambaa safi. Ilikuwa oda ya shule mbili, mikate mia nne.

"Mama Mayai," alisema taratibu. "Leo ni kuku wa nani?"

Hakukuwa na nafasi ya kubishana, wala ya kuomba radhi kwa yale ya zamani. Mama Mayai anasema alimtazama machoni na kusema jambo ambalo hakulipanga.

"Nikiwa nimekosea, kesho utanicheka. Nikiwa nimepatia na ukawasha, hakuna kesho ya kunicheka."

Mwokaji alikitazama kiberiti. Akakiweka kando ya beseni la unga, polepole, kama mtu anayelaza mtoto mchanga. Akatoka bila hata kuvaa viatu.

Yeye mwenyewe, akiwa sasa amesimama mlangoni kwake asubuhi ya leo na mikono yake myeupe kwa unga, anasema hakuamini harufu wala mapovu. "Niliamini uso wake. Siku ya mayai uso wake ulikuwa na haraka. Siku ile ulikuwa na huruma. Nikajua huyu hajaja kunitia hasara."

Watu walitoka, wengine wakinung'unika. Kijana mmoja alitaka kupiga teke pikipiki yake ili aondoke nayo. Mwokaji alimshika kola na kumwuliza kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya bonde kama anataka kwenda nayo mbinguni. Akaiacha, akatembea. Mama mwenye mapacha alisaidiwa na jirani ambaye walikuwa hawasemeshani tangu ugomvi wa kamba ya kuanikia nguo. Jirani alinyoosha mikono, na mama akampa pacha mmoja. Wote wakaelekezwa upande mmoja, unakotoka upepo, mpaka nyuma ya duka la kona.

Mama Mayai alihesabu nyumba. Ishirini na tano zilikuwa zimefungua. Iliyobaki ilikuwa ya mwisho, iliyo karibu zaidi na lile dimbwi: ya fundi cherehani mzee, mjane wa miaka themanini, ambaye kila mtu humwita Babu Sindano.

Mlango wake haukuwa umefungwa kwa komeo. Mama Mayai aliingia. Mzee alikuwa amevaa, koti na kofia, yuko tayari kabisa. Alikuwa amesimama ukutani, kidole kikiwa juu ya swichi ya taa.

Wanaomjua Babu Sindano wanajua kwamba ni mtu wa kubana. Hutumia uzi mpaka sindano ikatae. Hajawahi, anasema mwenyewe, kutoka nyumbani kwake taa ikiwa inawaka, tangu siku umeme ulipoingia kichochoroni. Na anayeacha taa ikiwaka humtazama kama mwizi.

Asiyejua angefikiri kwamba kuzima taa ni salama. Hatari, mtu hudhani, ni kuwasha. Lakini swichi hutoa cheche ndogo ndani yake, ukiwasha na hata ukizima. Cheche hiyo huioni na huisikii. Gesi inaiona.

Mama Mayai hakupiga kelele. Aliogopa mzee atashtuka na kidole kitashuka. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba maji:

"Baba, iache. Leo iwake."

"Itakula umeme," mzee alisema.

"Iache iule. Baba yangu, toa mkono, unipe mimi."

Mzee aliangalia swichi, akamwangalia yeye. Alimpa mkono.

Magoti ya mzee hayakuweza kwenda haraka. Walipofika mlangoni walimkuta mwokaji, amerudi peku kwenye matope ingawa aliambiwa abaki kule. Aligeuka, akainama, akampandisha mzee mgongoni kama gunia la unga, akaenda naye. Mzee alikuwa ameshika kofia yake kwa mkono mmoja na kulalamika kwamba hawezi kubebwa na mtoto wa kike mbele za watu. Mwokaji alimjibu kwamba giza bado lipo, hakuna anayemwona.

Mafundi walifika baada ya dakika ishirini na mbili. Walifunga koki za pande zote mbili, wakaweka utepe, wakapima. Gesi ilikuwa imepenya ardhini na kujikusanya chini ya sakafu ya tanuri na ya chumba cha fundi cherehani. Fundi mkuu alikiangalia kipimo chake, akaangalia mlango wa mwokaji, akavua kofia. Alisema kijiti kimoja cha kiberiti kingetosha.

Kichochoro kilikaa nje siku mbili. Muuguzi hakwenda kulala asubuhi ile. Alikaa nyuma ya duka akiwapima wazee presha, mmoja mmoja. Unga wa mwokaji uliumuka mpaka ukamwagika kutoka kwenye beseni na kukifunika kiberiti chake. Walipomruhusu kurudi alikuta kimegandia ndani ya donge kavu. Hajakitoa. Donge liko kwenye rafu, juu ya mizani, na wateja huuliza ni kitu gani.

Siku ya tatu, Mama Mayai alipopita, Babu Sindano alimwita ndani na kumtengea kiti. Alikaa muda akinyoosha kipande cha kitambaa ambacho hakikuwa na mkunjo. Kisha akasema kwamba ile nguzo ya njano aliihamisha yeye.

Ilikuwa imesimama mbele ya mlango wake, akaeleza. Wateja walikuwa wakijikwaa. Miaka miwili nyuma aliing'oa na kuisogeza hatua tatu tu, akaisimamisha tena vizuri, imenyooka, akajiona amefanya ustaarabu. Kisha akaja mchimba mashimo wa uzio. Akaitazama nguzo, akakaa mbali nayo kama inavyotakiwa, akachimba. Akachimba juu ya bomba lenyewe. Sululu ilikwangua ganda la bomba, kutu ikaanza, na miezi saba baadaye likatoboka.

"Nilisogeza hatua tatu," mzee alisema. "Nilitaka kuwaua watoto wa watu kwa hatua tatu."

Mama Mayai naye alikuwa na lake. Kwa miaka miwili alikuwa amepita hapo kila siku na kuhesabu nguzo. Zilikuwa mia moja na thelathini na moja, hakuna iliyopungua. Akaridhika. Kati ya nguzo na nguzo ni hatua zake sabini. Hakuwahi kuzihesabu. Kama angezihesabu, angekuta sabini na tatu upande mmoja na sitini na saba upande wa pili.

Alimwambia mzee hivyo. Kisha akamwambia kwamba wote wawili watakwenda kusema.

Alimshika mkono mpaka kwenye hema la mafundi. Mzee alisema lake, naye akasema lake, na akatoa daftari lenye yale maneno mawili, nyasi kavu. Pamoja nalo ikadondoka barua ya msimamizi, na msimamizi mwenyewe alikuwa pale, akaiokota.

Msimamizi ni mwanamume mpole asiyependa kuonekana mpole. Anakumbuka kwamba aliisoma barua yake kama imeandikwa na mtu mwingine. Aliuliza kama ndiyo sababu alisimama dakika nne. Mama Mayai alikubali.

"Hiyo barua ndiyo iliyovuja kabla ya bomba," msimamizi anasema sasa, akiwa ofisini kwake. "Siku ya mayai alifanya kazi yake vizuri. Mimi ndiye niliyekosea. Nimemwambia apulize hata mara mia, na hata zote mia ziwe za kuku."

Wiki iliyofuata alitembea naye bomba zima, akiwa amevaa viatu vipya vya ofisini. Kwenye nguzo ya themanini malengelenge yalipasuka. Mama Mayai alikuwa na plasta mfukoni, akamkalisha kwenye jiwe na kumfunga kisigino kama mtoto wa chekechea. Tangu mwezi uliofuata kampuni hutoa jozi mbili za buti.

Leo Mama Mayai anahesabu nguzo na hatua. Ukimsalimia akiwa katikati, atainua mkono tu na kuendelea kutikisa midomo, na anayemjua hakasiriki. Na dakika nne hizo hazitoi tena. Pua ya mgeni humsaidia kujua harufu imeanzia wapi, lakini ishara moja ikitosha kumtia shaka, filimbi iko mdomoni.

"Mimi nilifundishwa kutafuta. Mwananchi asitafute kitu," anasema. "Ukihisi harufu, ukisikia mlio, acha kila kitu kilivyo. Taa inayowaka iwake, iliyozimwa ibaki. Usiwashe jiko, usiwashe gari, simu usiishike. Usiende kuziba kwa udongo, usijifanye fundi wa koki. Toka kwa miguu, fuata upepo unakotoka, wagongee jirani kwa mkono, na ukiwa mbali ndipo upige simu. Ukikuta si gesi, tutacheka pamoja. Mimi nimeshachekwa, na niko hapa."

Amebakiza miaka mitatu kabla ya kustaafu, na ana mpango. Anataka kabla ya kuning'iniza buti zake, kila nguzo iwe na jirani yake mmoja: mtu anayejua ilipo, anayejua ishara, anayeijua nambari kwa moyo. Hataki watu wa kuajiriwa, anataka watu wa kujali. Amepata arobaini na wanane. Muuguzi ni wa nguzo ya arobaini na tano. Mwokaji ni wa arobaini na sita, na amewahi kumfukuza mchimba shimo kwa mwiko. Zimebaki nguzo themanini na tatu, na Mama Mayai anazitaja kama mtu anayetaja watoto wasiorudi bado kutoka shuleni.

Jirani wa nguzo ya arobaini na saba hakuhitaji kutafutwa. Nguzo imerudishwa mahali pake, mbele ya mlango wa Babu Sindano, imemiminiwa zege. Kila asubuhi mzee huifuta kwa kitambaa. Wateja bado wanajikwaa, naye huwaambia wainue miguu.

Saa kumi na dakika arobaini. Kichochoro kizima ni giza, isipokuwa mstari wa mwanga chini ya mlango wa mwokaji, na nyumba ya mwisho. Dirisha la Babu Sindano lina mwanga, na mzee amekaa chini yake na kizibao cha Mama Mayai cha akiba mapajani, anarudishia ukanda wa kung'aa uliobanduka. Hataki kulipwa. Tangu mwaka jana taa hiyo huiwasha saa kumi kasoro dakika kumi, kabla Mama Mayai hajatoka hata nyumbani kwake, na haizimi mpaka aone mgongo wake umepita kona.

Mama Mayai anafika kwenye nguzo akisema sabini kwa midomo. Anasimama. Anasikiliza ardhi. Kisha anainua kichwa na kumwambia mzee kwamba taa hiyo inakula umeme.

"Iache iule," anasema Babu Sindano, akikata uzi kwa meno. Anamkabidhi kizibao dirishani, anakishikilia kidogo kabla ya kukiachia.

"Kesho upite tena, mwanangu. Usiponiona dirishani, ingia. Mlango siufungi."